Mtoto Akibadilika: Jinsi ya Kumpatia Ushauri Nasaha Ukiwa Amu au Visiwani

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, shangazi au mjomba anayelea mtoto katika kaunti ya Lamu na ameanza kuona kwamba mtoto si yule wa zamani. Katika nyumba zetu nyingi mtoto ana wakubwa wengi. Anakula kwa mamake, analala kwa bibi, karo iko kwa mjomba, na ya chuoni, yaani madrasa, yako kwa maalim. Ni jambo la heri, mpaka siku mtoto anapougua moyo. Hapo kila mkubwa huja na lake. Huyu asema ni uvivu, yule kijicho, wa tatu asema ni balehe itapita, wa nne ashataja jina la mganga wa bara. Miezi inakwenda. Nionavyo mimi, niliyekaa na familia nyingi za hapa, kazi ngumu si kumpata mshauri. Kazi ngumu ni kuwapata hao wakubwa waseme kitu kimoja. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinamgusa mkubwa kuliko mtoto.

Na usidhani ni aibu ya ukoo wako peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 42 lina watoto sita wa namna hiyo, na kuna siku mmoja wao atakuwa wako.

Kabla ya yote: mambo yasiyongoja

Mtoto akisema anataka kufa, au ukagundua amemeza kitu au amejaribu kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika ya kwenda kuita jirani. Piga kelele jirani aje. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mimea, vidonge vya presha vya bibi na kamba, kisha nenda hospitali. Katika mji wa Amu, yaani Lamu mjini, ni Hospitali ya King Fahd. Kisiwani, anza na kituo cha afya kilicho karibu huku boti ikitafutwa. Kama amemeza kitu, chukua chupa au pakiti yake uende nayo, wala usimlazimishe kutapika.

Wengine huficha wakasema "alikula kitu kibaya" wakiogopa polisi. Usifiche, daktari atatibu kitu kingine. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba.

La pili ni mtoto aliyenajisiwa. Asioge, asibadilishe nguo. Kama amekwisha kubadilisha, tia zile nguo katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mfikishe hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kisha polisi, mkachukue fomu ya P3, ile daktari anayojaza kueleza majeraha. Wazee wakija na maneno ya maslaha, kwamba yamalizwe ndani, wajibu kwa adabu lakini usikubali. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, familia haina mamlaka ya kuifuta kesi kama hiyo. Namba ya kupiga bila malipo kuhusu ukatili wa kijinsia ni 1195.

La tatu: mtoto anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au aliyeanguka akitetemeka. Huyo naye ni wa leo, si wa wiki ijayo.

Kama halipo hata moja katika hayo, una nafasi ya kwenda polepole.

Hatua ya kwanza: tazama, na uandike

Tafuta daftari la kurasa 32. Kila usiku, kwa wiki mbili, andika mistari miwili au mitatu: amelala saa ngapi, amekula nini, amekataa nini, kumetokea nini siku hiyo. Usiandike maoni. "Amekuwa mkaidi" haimsaidii mtu. Kinachosaidia ni kama hiki:

*Jumatatu. Tumbo lauma kabla ya skuli, lakini Jumamosi na Jumapili halikuuma.*
*Jumatano. Amekojoa kitandani. Alikuwa ameacha tangu miaka mitano.*
*Alhamisi. Babake amerudi baharini usiku, kukawa na maneno. Mtoto hakula asubuhi.*

Mshauri akipewa mistari hiyo mitatu tayari ana pa kuanzia. Utaona pia jinsi daftari linavyomfichua mwandishi: wazazi wengi huanza kuandika habari za mtoto, na kufika siku ya kumi wanajikuta wanaandika habari za nyumba.

Ujue pia unachokitafuta. Mtoto wa chini ya miaka kumi hasemi "nina huzuni". Husema kichwa, husema tumbo. Hung'ang'ania kanga ya mamake wakati alishazoea kwenda dukani peke yake. Huacha kucheza, au hucheza mchezo mmoja ule ule, wa mazishi, wa moto, wa askari. Kijana ni mwingine. Mvulana aliyejaa huzuni mara nyingi huonekana ana hasira tu: anajibu kwa mkato, ameacha mpira, ameanza kukaa hadi usiku na wavutaji bangi. Msichana hujifungia, huacha kula, au huvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba katika joto la Machi. Angalia kama hana alama za wembe. Hizi si kanuni. Nimeona wavulana waliojikata na wasichana waliopigana.

Kitu kimoja kwa siku mbili tatu baada ya msiba au mtihani ni kawaida. Vitu viwili vitatu kwa pamoja, vikapita wiki mbili na vikaharibu skuli, usingizi au chakula, hapo nenda hatua ya pili.

Hatua ya pili: mwili kwanza

Anza zahanati. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi, mwenye upungufu wa damu huitwa mvivu. Maumivu ya selimundu, ile wengi waitayo sikoseli, huweza kumfanya mtoto akasirike na kukataa kucheza, nao ugonjwa huo upo pwani yetu. Kifafa nacho si kuanguka na kutoka povu tu. Kuna kile cha kuzubaa: mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yamekodoa, sekunde chache, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Mwalimu atasema anaota mchana. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika humfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa la maalim, kwa maana najua ndilo linaloulizwa jikoni. Dua na dawa si wake wenza, hakuna haja ya kumwacha mmoja ili umchukue mwingine. Mtoto asomewe, hakuna ubaya, na maalim wengi wa hapa ndio wa kwanza kusema "mpelekeni hospitali". Mweleze maalim kwamba mtoto ana tarehe ya kliniki, na mweleze daktari kama mtoto amekunywa kombe, maji ya maandishi ya aya, au dawa ya miti, bila kuona haya. Mpaka ni huu: mtoto asifungwe, asichapwe, asifukizwe moshi mpaka akakosa pumzi, asinyimwe chakula wala dawa aliyoandikiwa. Anayetaka kufanya hivyo, awe nani, muage uondoke. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla huweza kurudisha kifafa kikali zaidi.

Hatua ya tatu: mwambie mtoto mwenyewe

Usimdanganye kwamba mnakwenda mjini kununua viatu. Mtoto aliyedanganywa hufika kwa mshauri akanyamaza saa nzima, na ana haki.

Tafuta wakati ambapo mikono ina kazi: mnachambua mchele, mnaosha vyombo, mnatembea kandokando ya bahari jioni. Kukaa uso kwa uso kunamtisha kijana. Barazani pia si mahali pake, kuna masikio. Sema unachokiona, si unachokifikiria: "Mwanangu, naona wiki hizi hulali. Sina hasira nawe. Nataka tukamwone mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza, nami nitakwenda nawe." Kisha nyamaza. Kimya hicho kitakuwa kirefu, kivumilie.

Ukishuku anafikiria kufa, muulize waziwazi: "Je, huwa yakujia mawazo ya kutaka kufa?" Watu wengi huogopa kwamba swali ndilo litakalompa wazo. Halimpi. Aliye nalo hupata pumzi kwa kuulizwa, na asiye nalo atakwambia "La, mama, siko huko."

Akikataa kwenda, usimburute. Mpe uchaguzi mdogo: aende na wewe au na shangazi, azungumze na mshauri mwanamume au mwanamke, aanze kwa simu au ana kwa ana.

Hatua ya nne: wapi na kwa nani

Zahanati au kituo cha afya ndicho mlango wa kawaida, na huko watakupa barua ya rufaa kwenda King Fahd. Hakikisha familia imeandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba jina la mtoto limo chini yako. Skuli ina mwalimu wa ushauri nasaha. Wengine ni wazuri sana, wengine wamepewa kazi hiyo juu ya vipindi vyao vyote na hawana nafasi; muone, lakini usiishie hapo kama tatizo ni zito. Afisa wa watoto wa serikali anafaa panapokuwa na mzozo wa malezi, mtoto kutelekezwa au kupigwa.

Halafu kuna simu, nazo kwa mtu aliye Kiwayu au Ndau ni msaada mkubwa. 116 ni ya watoto, haina malipo, usiku na mchana, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ya msaada wa kisaikolojia kwa mkubwa na mdogo. Simu ina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mji wetu ni mdogo, na mshauri anaweza kuwa binti wa jirani au mtu aliyeoa kwenu. Mshauri mwenye maadili atakwambia yeye mwenyewe kwamba haifai amhudumie mtoto wa nduguye. Asiposema, sema wewe.

Ukipata mshauri wa binafsi, muulize kabla ya kumlipa: amesomea wapi, amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, amewahi kufanya kazi na watoto wa umri huu, na atafanya nini mtoto akimwambia siri. Akikasirika kwa maswali hayo, umepata jibu. Akikuahidi kwamba kwa kikao kimoja mtoto atakuwa sawa, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya tano: siku ya kwenda

Kwa mtu wa Amu mjini hatua hii ni fupi: vaa, nenda. Kwa mtu wa Faza, Kizingitini, Siyu au Pate, ni safari ya maji. Boti za abiria huangalia maji yakijaa na kupwa, na ukichelewa umelala mjini. Kwa hivyo unapopewa miadi, usikubali tu "Jumanne saa mbili asubuhi". Mwambie mhudumu unatoka wapi na boti yenu inafika saa ngapi wiki hiyo. Wanaelewa, wakiambiwa. Muulize pia kama vikao vingine vinaweza kufanywa kwa simu, uje ana kwa ana mara moja kwa mwezi. Mtoto anayehudhuria kwa simu kila wiki atapata nafuu kuliko yule aliyepanda boti mara mbili akaachwa.

Chukua daftari, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya skuli na dawa zote anazotumia.

Na nani aende? Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Mama huenda peke yake na mtoto, anasikia mambo mazuri, anarudi nyumbani, bibi anasema "hayo ni ya Wazungu", na mambo yanaishia hapo. Jiulize: nyumbani kwetu, neno la nani ndilo la mwisho? Huyo ndiye wa kwenda. Kama ni bibi, mwombe kwa heshima yake: "Bibi, wewe wamjua mtoto huyu kuliko sisi sote, daktari atataka kukusikia." Ni kweli, wala si kumpaka mafuta. Kama ni baba na yuko baharini, mshauri anaweza kumpigia simu akishuka.

Mkirudi, barazani mtaulizwa mwatoka wapi. Jibu ni "Twatoka hospitali, alhamdulillahi." Si lazima kuongeza kitu, na mkubaliane na mtoto mapema kwamba jibu ni hilo.

Hatua ya sita: ndani ya kikao

Kikao cha kawaida ni dakika 45 hadi saa moja. Siku ya kwanza mshauri huwasikiliza wote pamoja, kisha atakuomba utoke. Toka. Mtoto mdogo atapewa karatasi na rangi, au vinyago. Usidhani ni mchezo wa kupoteza wakati, maana mtoto wa miaka sita huchora kile ambacho hawezi kukisema. Kijana atazungumza, au atakaa kimya vikao viwili kwanza.

Anayoyasema kijana ni siri yake na mshauri. Siri hiyo ina mipaka mitatu, na mshauri mzuri huitaja mwanzoni mbele yenu wote: akiwa katika hatari ya kujidhuru, akiwa katika hatari ya kumdhuru mwingine, au akiwa anadhulumiwa. Katika hayo utaambiwa. Mengineyo, kama alivuta sigara au anampenda nani, hutaambiwa, na usiyatafute njiani. Swali la "Umemwambia nini?" ndani ya boti, mbele ya abiria ishirini na kuku wawili, limeua tiba nyingi. Muulize kama ana njaa.

Tiba ya kuzungumza inayofundisha mtu kuchunguza mawazo na mazoea yake huchukua mara nyingi vikao 6 hadi 20. Nafuu haiji kwa mstari ulionyooka. Ukifika kikao cha tano au cha sita na mtoto hataki kabisa kumwona mshauri yule, omba mwingine.

Hatua ya saba: kazi ya wakubwa nyumbani

Mshauri anaye mtoto saa moja kwa wiki. Saa nyingine zote 167 ni zenu.

Kwanza fimbo. Skulini adhabu ya viboko imepigwa marufuku tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaitilia mkazo. Maalim na mwalimu waombwe kwa heshima wasimchape, mkienda wawili, ikiwezekana mmoja awe mwanamume wa makamo. Nyumbani, mtoto aliyejaa hofu akipigwa huacha kusema tu, haachi kuogopa.

Pili, mkubaliane nani anatoa amri ipi. Kuna familia niliyokaa nayo ambapo kijana wa miaka 14 alikuwa na nyumba tatu: kwa mama simu inakusanywa saa tatu usiku, kwa bibi haina saa, kwa mjomba amekatazwa kabisa. Akawa anahama kulingana na kosa. Wakubwa wakakaa jioni moja wakakubaliana mambo manne tu, saa ya kulala, simu, swala na skuli, na kuyaandika nyuma ya kalenda iliyoning'inizwa kwa bibi. Ugomvi haukuisha, lakini kijana akaanza kulala.

Tatu, ninyi wenyewe. Upepo wa kusi ukikaza, bahari ikakataa, nyumba ya mvuvi hukosa pesa na maneno huongezeka. Mtoto huyasikia yote kupitia ukuta. Mama aliyefiwa na hajalia, baba anayetumia unga wa kulevya, hao nao wana haki ya mshauri wao, na wakati mwingine mtoto hupata nafuu kwa sababu mamake ametibiwa. Msiwalinganishe watoto na binamu zao. Na mambo ya mtoto yasisimuliwe arusini.

Hatua ya nane: ikibidi rufaa ya mbali

Kuna watoto watakaohitaji daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Kutoka kwetu hiyo huwa ni Mombasa, katika kitengo cha Port Reitz. Usiondoke bila barua ya rufaa iliyopigwa muhuri, na piga simu kwanza kuhakikisha siku ya kliniki ya watoto. Omba dawa za kutosha siku za safari, pamoja na za ziada, kwa kuwa barabara ya Mokowe hadi Malindi huweza kufungwa kwa mvua au kwa usalama. Mtoto anayeogopa askari aelezwe mapema kwamba basi litasimamishwa, watashuka, vitambulisho vitatazamwa, kisha safari itaendelea. Mkirudi, nakala ya maandishi ya daktari iende zahanati yenu, nyingine ibaki ndani ya lile daftari.